Truphena na Maji ya Obware

Truphena Aoko amechoka, na wala hafichi. Ukimkuta ofisini kwake Rongo, kile chumba kimoja kilicho juu ya duka la dawa za mifugo, utamwona ameegemeza shavu kwenye kiganja, macho kwenye kompyuta, chai imepoa pembeni. Ukimuuliza habari atakujibu "aol", yaani nimechoka, kisha atakuuliza unaenda mazishi ya wapi. Wengi wetu tunaopanda zile ngazi huwa tunaenda mazishini.

Mimi ni dereva wa gari la maiti. Jina langu Nicodemus, makao yangu Migori mjini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwarudisha watu nyumbani, kuanzia Isebania mpakani hadi Mbita ziwani. Kazi hii inampa mtu hasira za karibu. Abiria wangu hawalalamiki, lakini ndugu zao wanalalamika kwa niaba yao, na barabara zetu mnazijua. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Truphena nitamsifu kiasi, halafu nitasema na yale mengine.

Alizaliwa ng'ambo ya Obware. Obware ni kivuko kwenye mto mdogo unaoshuka kutoka milima ya Kisii. Upande huu wa lami kuna shule na soko, upande ule kuna vijiji. Daraja hakuna. Kuna drifti tu, ile sakafu ya zege inayolazwa mtoni ili maji yapite juu yake. Wakati wa kiangazi unavuka na viatu vyako miguuni. Mvua ikinyesha Kisii, hata kama kwenu jua linawaka, maji yanafika ghafla, yanapanda hadi kiunoni, na hapo mtu mwenye akili anakaa kando na kusubiri. Truphena alivuka hapo kila siku ya shule, akibebwa mgongoni na dada yake mpaka alipopata kimo chake mwenyewe.

Chuo kikuu alisomea ramani na mambo ya setilaiti, akarudi na wazo. Nchi kubwa zimerusha mitambo angani inayopima mvua, unyevu wa udongo, kina cha ziwa, mabonde na miinuko, na vipimo hivyo vinawekwa wazi, yeyote anayetaka achukue bila malipo. Yeye alisema atavichukua, avichambue, kisha awauzie wanaojenga barabara, kalvati za kupitishia maji, shule na mabomba, ili wajue maji yatapita wapi kabla hawajamwaga zege. Biashara ikisimama, alisema, hata Obware itapata daraja, kwa sababu hakuna mkubwa atakayeweza kusema hakujua. Hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia.

Hakuna aliyepinga wazo lake, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Kila ofisi aliyoingia walimpigia makofi. Alialikwa semina Kisumu, akaalikwa Nairobi, akapewa fulana, mkoba, na kikombe cha kioo cha mshindi wa ubunifu ambacho leo kinazuia mlango wa ofisi usifungwe na upepo. Kulipa, hapana. Mkubwa mmoja alimwambia, "Lakini madam, hiyo data si ni ya bure? Sasa wewe unatuuzia nini?"

"Maji ya ziwa pia ni ya bure," Truphena akamjibu, "na yule anakuletea mtungi mpaka kwa mlango si unamlipa?"

Mkubwa alicheka, akasema huo mfano ni mzuri sana, amtumie ripoti. Ripoti ilitumwa. Nadhani iko huko hadi leo. Wenye ukweli walikuwa makandarasi. Mmoja aliyekuwa na kazi upande wa Kendu Bay alimweleza bila aibu kwamba kalvati ikibebwa na maji yeye anapata tenda nyingine, sasa kwa nini anunue habari ya kumnyima chakula. Truphena alinisimulia hayo bila kukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika.

Tulijuana siku nilipompeleka bibi mmoja mzee kwao, ng'ambo ya Obware. Tulifika tukakuta drifti imefunikwa. Kwetu mwili ukishatoka mochari haurudi nyuma, hata kutafuta njia nyingine. Unafika nyumbani, unalala usiku mmoja katika boma lake, ndipo unazikwa. Kwa hiyo kugeuza gari ilikuwa haiwezekani, na wajukuu wa marehemu walianza kunishika shati niingie mtoni kwa sababu, walisema, wenzangu huwa wanaingia. Niliwaambia wenzangu hao wako wapi niwasalimie. Maneno yalikuwa yameanza kuwa mabaya ndipo msichana mmoja mwembamba akajipenyeza katikati ya waombolezaji, simu mkononi.

"Jaduong', usiingie," akaniambia, kwa ile heshima ya kumwita mtu mzee. "Mvua ya huko juu imeisha kitambo. Hii maji itapanda kidogo tena, halafu itashuka kabla giza. Ngoja tu."

"Umejuaje?"

Akanionyesha jiwe kubwa kando ya kivuko, lenye alama za rangi nyekundu. Alizipaka mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa anakuja kusoma maji kwenye alama zile na kuyalinganisha na mvua iliyopimwa kutoka angani, mpaka akajua mvua kiasi hiki Kisii huleta maji kiasi gani Obware, na baada ya muda gani. Mitambo ya angani haijui kama kuna kitu kinaitwa Obware. Kazi ya kuijulisha ilikuwa yake. Tulingoja, maji yakapanda, yakashuka, na jua lilipokuwa linazama tulimvusha bibi. Juma lililofuata kamati mbili za mazishi zilikuwa zinatafuta namba ya Truphena.

Hapo ndipo biashara ilipopatikana, mahali ambapo yeye hakuitafuta kabisa. Watu wetu wanaweza kukopa karo na kuahirisha paa la nyumba, lakini mazishi hayaahirishwi. Kamati inalipia hema, spika, ng'ombe, jeneza na gari, na sasa ikawa inamlipa na Truphena. Wanamweleza mwili unatoka wapi na unaenda wapi, yeye anachungulia mvua na udongo wa njia nzima, kisha anawatumia meseji: piteni hapa, msipite pale, tokeni mapema. Alipata kodi ya chumba, akapata na kompyuta ya pili. Watu wakamwita nyar koth, binti wa mvua. Mzee mmoja alipanda zile ngazi kumwomba aizuie mvua ya Jumamosi, na alipoambiwa haiwezekani akanuna, akasema bila shaka kuna kamati nyingine imetangulia kulipa. Siku hiyo Truphena alicheka mpaka akatoa machozi.

Hakucheka sana baada ya hapo. Alikuwa anaona aibu. "Mimi nilisoma ndio kalvati zisibebwe na maji," aliniambia. "Sasa kazi yangu ni kuonyesha maiti njia."

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi nilisoma ndio niwe nani?"

Alitabasamu kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nataka kumfariji, lakini mimi si hodari wa kazi hiyo.

Halafu akaja mheshimiwa, mwakilishi wa wadi ya huko Obware. Sitamtaja jina, na msihangaike kumtafuta, kwa sababu wa aina yake wako wengi. Wanasiasa wetu hawakosi mazishi, na zamani mheshimiwa huyu alikuwa anakwama Obware kama sisi. Kuna siku alisimama pale tangu adhuhuri hadi jioni, viatu vyake vizuri vimejaa tope, na akina mama wakimwimbia nyimbo za maombolezo zilizokuwa na jina lake ndani. Juma lililofuata walikuja wapima ardhi. Walichomeka vigingi vyenye vichwa vyekundu kingo zote mbili za mto. Tuliviona kwa macho yetu. Truphena alivipiga picha, akaweka kwenye kioo cha kompyuta.

Kisha mheshimiwa akasikia habari za meseji. Akajiandikisha kwa vivuko vyote vya wadi, kwa mwezi, na akawa analipa mapema bila kukumbushwa. Truphena hakuwa na mteja mzuri kuliko huyo. Tangu siku ile mheshimiwa hakukwama tena. Maji yakitaka kupanda, meseji inamfikia, dereva wake anakata kona kwenye makutano na kuzunguka kwa lami ya kuelekea Homa Bay, anafika mazishini akiwa msafi. Vigingi vilikaa miezi michache. Ng'ombe walijikunia vingine, vingine viling'olewa vikaenda jikoni, na hakuna aliyekuja kuviulizia.

Mimi nilikuwa bado sijaona mambo hayo yanavyoshikana. Truphena ndiye aliyeniambia, Jumatatu moja tukinywa chai Rongo.

"Jaduong', nimeuza daraja."

"Daraja gani?"

"Ya Obware. Nimeiuza na meseji. Yule mtu alikuwa karibu kuijenga kwa sababu ilikuwa inamsumbua. Sasa haimsumbui."

Alikuwa ameenda kumwona. Mheshimiwa alimpokea vizuri, akamwagizia soda, na aliposikia habari za daraja akacheka. "Nyathiwa, mtoto wetu," alimwambia, "na hizi meseji zako, daraja ni ya nini tena?"

Nilimwambia Truphena amkatie huduma mara moja, aonje tope. Akaniuliza kama ni mimi nitakayemlipia chumba na mshahara wa dada aliyemwajiri kumpokelea simu. Aliendelea kumhudumia, na kila mwezi niliona uso wake unazidi kuchoka, ule uchovu usioondoka kwa kulala.

Sasa nimefika kwa Austine. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa lami, kijana mpole, mtoto wa Mama Benta ambaye ni jirani wa kina Truphena kule ng'ambo. Jumanne moja ya mvua za masika alitoka shuleni, akafika Obware, maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu. Angani kulikuwa na jua. Alianza kuvuka kama alivyovuka siku zote. Walimpata siku iliyofuata, mbali huko chini, amenaswa kwenye matete.

Nilichukuliwa mimi kumleta nyumbani. Siku moja kabla, kamati ilikaa kwa Mama Benta, na mjomba wa marehemu, Javan, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Truphena aliitwa aseme njia. Alikuja, akasalimia, akaketi kwenye kiti cha plastiki akiwa kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Alisema kesho alasiri maji yatafunga drifti na hayatashuka hadi alfajiri. Tuzunguke kwa lami.

"Basi imeisha," Javan akasema. "Tutazunguka."

"Tutapita Obware," Mama Benta akasema.

Watu wote wakageuka. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, na hakuinua sauti.

"Mheshimiwa ameahidi atatoka na mwili kutoka mochari," akaendelea. "Wacha atoke nayo. Wacha asimame pale mtoto wangu alisimama. Kama ni usiku mzima, tutalala na yeye hapo."

Javan alijaribu kuzungumzia baridi na wageni. Mama Benta alimwacha amalize, kisha akarudia maneno yale yale. Nilimtazama Truphena nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni pake kwa muda mrefu. Alikuwa na tumaini. Na mimi, nisiseme uongo, nililipata.

Ijumaa tulitoka mochari, gari langu mbele, Mama Benta na Truphena pembeni yangu, na nyuma msafara wa magari ya wazazi wa wanafunzi, walimu na kwaya ya kanisa. Mheshimiwa alikuwa wa tatu, na taa zake nilikuwa naziona kwenye kioo. Nilikuwa nazihesabu kama mtu anayechunga kuku. Tulipita makutano ya lami, tukashuka barabara ya murram yenye mashimo yaliyonitoa macho kwenye kioo, hadi mtoni. Truphena hakuwa amekosea. Maji yalikuwa mekundu na mazito, yamefunika alama zake zote isipokuwa ile ya juu. Nilizima gari. Watu wakashuka. Kwaya ikaanza kuimba. Mama Benta alishuka taratibu, akatazama nyuma kwenye foleni ya magari, akalitafuta gari la mheshimiwa.

Halikuwepo.

Nyumba ya Mama Benta iko juu kidogo ya ukingo wa pili. Ukiwa Obware unaona paa lake, na siku hiyo tuliona na mahema. Haukupita muda mrefu spika zikalia, na sauti ikatufikia juu ya maji, wazi kabisa. Alikuwa mheshimiwa. Alikuwa amekata kona kwenye makutano, akazunguka, akatutangulia. Alisema amesikitika kwamba mwili umechelewa. Alisema Austine alikuwa nguzo ya elimu katika wadi yake. Alisema ana mazishi mengine Ndhiwa na angeomba ruhusa ya kuondoka, na kwamba ameacha kitu kidogo kwa mwenyekiti kwa ajili ya familia. Watu wa kule walipiga makofi, kwa sababu mtu akisema hivyo hupigiwa makofi. Sisi wa huku tulisimama na jeneza tukimsikiliza mpaka mwisho. Nimezika watu wengi na sijawahi kuona uchungu wa aina ile. Nilitamani kutupa jiwe, lakini mto ulikuwa mpana.

Truphena alitoa simu, akaisoma, akaiweka. Meseji ya kumwonya mheshimiwa ilikuwa imetoka asubuhi, yenyewe, kama inavyotoka kila siku maji yanapotaka kupanda. Mtambo wake haujui nani anastahili na nani hastahili. Unajua namba zilizolipa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutengeneza hivyo, ili mteja asisahauliwe hata siku ambayo yeye amelala, na katika pilikapilika za msiba hakukumbuka kumtoa mtu mmoja.

Tulilala pale, kwa kuwa mwili haurudi nyuma. Akina mama walimzunguka Austine na mablanketi, wanaume tukawasha moto. Truphena hakusogea karibu na moto. Kulipoanza kupambazuka nilimwona amesimama mbele ya Mama Benta, ambaye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari langu, mlango wa nyuma ukiwa wazi.

"Mama, mimi ndiye nilimwambia," Truphena akasema. "Yule mheshimiwa. Analipa kila mwezi, kwa hivyo simu inamtumia. Nilisahau kumtoa."

Mama Benta akamgeukia. "Inamtumia kila siku?"

"Kila siku maji inakuja."

"Na Jumanne?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nilijua jibu kabla halijatoka. Nilitaka aseme lolote lile isipokuwa hilo.

"Jumanne pia," Truphena akasema. "Ilitumwa mchana, shule ikiwa bado haijafunga."

"Kwake."

"Ndiyo, mama. Kwake."

Mama Benta aliinamisha kichwa. Nilidhani atapiga yowe, na nadhani Truphena alilingoja yowe hilo, hata alilihitaji. Halikuja. Mama alikunja blanketi lililokuwa magotini, akalilaza juu ya jeneza, akalinyoosha pembe.

"Ni pesa ngapi kwa mwezi, nyara, binti yangu?" akauliza. "Bado nina wawili wanavuka hapa kuenda shule."

Hakuuliza kwa kejeli. Angekejeli, sote tungepata pa kushikia. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya sukari dukani, kwa sababu alitaka kujua. Truphena, ambaye bei hiyo ameitaja kwa simu mara nyingi hata mimi naijua kwa moyo, aliinama tu. Alivua viatu, akaviacha kando ya gurudumu, akashuka mtoni kupima maji kwa miguu yake mwenyewe. Alikwenda hadi katikati ya drifti, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo. Maji yalikuwa chini ya magoti. Baadaye akainua mkono bila kugeuka, nikawasha gari, tukamvusha Austine.